Nani walikuwa wa kwanza katika milima ya Kentucky?

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu, na sasa naishi Lexington, Kentucky. Kila wiki naendesha gari hadi Hazard, kaunti ya Perry, kumhudumia mzee mmoja nyumbani kwake. Anapenda sana kunisimulia. Anasema watu wake ndio wa kwanza kuingia katika bonde lile, kabla yao palikuwa msitu mtupu, na kwamba watu weusi hawakuwahi kuishi milimani mpaka migodi ilipofunguliwa. Nyuma ya nyumba yake, juu kilimani, kuna makaburi ya ukoo. Nje ya uzio wake kuna mawe mengine yasiyo na majina. Nilipomuuliza ni ya nani, akasema hakuna ajuaye. Je, ni kweli wao ndio wa kwanza? Na mtu kama mimi anawezaje kuijua historia ya kaunti ile?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yamerudi kwenye yale mawe nje ya uzio. Nitayafikia. Lakini nianze na huyo mzee: usimbishie. Anayokusimulia ameyapokea kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake, na ndani yake mna ukweli mwingi. Shida iko kwenye neno moja, "wa kwanza". Katika kaunti za milima ya Appalachia, aliyeitwa wa kwanza ni yule aliyeandikwa kwanza. Nimeshinda na makaratasi ya kaunti hizo kwa miaka mingi, na jambo ninaloomba ulishike kuliko mengine yote ni hili: karatasi za kaunti ziliandikwa ili mtu apewe ardhi au atozwe kodi. Ambaye hakuwa na ardhi, wala hakutozwa kodi kwa jina lake, karatasi ilimpita kando kama gari linavyompita mtembea kwa miguu.

Wewe mwenyewe unaipita historia hiyo kila wiki bila kushuka garini. Ukitoka Lexington unapita Winchester, kaunti ya Clark. Kusini mashariki mwa kaunti hiyo palikuwa na mji wa Washawnee, kabila mojawapo la wenyeji wa Amerika, ulioitwa Eskippakithiki, nao ulisimama hadi miaka ya 1750. Mashamba yao yalikuwa makubwa kiasi kwamba hadi leo mahali pale panaitwa kwa Kiingereza Indian Old Fields, yaani Mashamba ya Kale ya Wenyeji. Mfanyabiashara John Finley alifika hapo na bidhaa zake mwaka 1752. Mwaka 1769 Finley huyo huyo ndiye aliyemwonyesha njia Daniel Boone, yule mwindaji na mfungua njia ambaye kila mtoto wa shule Kentucky hufundishwa habari zake. Basi njia ya Boone ilitoka kwa mtu aliyekwisha kufanya biashara na wenye nchi, mjini kwao.

Mbele kidogo, kwenye Mountain Parkway, unafika Slade. Ile miamba mirefu inayoning'inia juu ya korongo la Red River ina vibanda vya asili chini yake, na udongo wa humo ni mkavu hata mbegu hazikuoza. Wanaakiolojia wamekuta humo mbegu za alizeti, maboga na nafaka ndogo ndogo ambazo watu walizipanda zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Walijuaje kwamba zilipandwa, hazikuokotwa porini? Kwa umbo lake. Mbegu inayochaguliwa na mkulima mwaka baada ya mwaka huwa kubwa, na ganda lake huwa jembamba kuliko la ndugu yake wa mwituni. Mashariki ya Amerika ya Kaskazini ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako watu walianza kilimo wenyewe, bila kukipokea kwa jirani. Siku ukipata nafasi, shuka hapo utembee. Ukishasimama chini ya mwamba mmoja wa vile, yale maneno ya "msitu mtupu" yatakuwa magumu kuyasikiliza.

Sasa, kwa nini walowezi walipofika walikuta vijiji vichache? Vita vya karne ya 17 vya kugombea ngozi za wanyama vilikuwa vimewatawanya watu wa bonde la mto Ohio, na maradhi yaliyotoka ng'ambo yalikuwa yamewapunguza. Waliobaki, Washawnee kaskazini na Wacherokee kusini, waliitumia milima kama uwanja wa kuwinda, kila upande ukiihesabu kuwa yake. Ndipo yakaja makaratasi. Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza alipiga marufuku walowezi kuvuka kilele cha Appalachia. Mwaka 1768, kwenye mkataba wa Fort Stanwix huko New York, muungano wa Wairoquois uliitoa kwa Waingereza ardhi ya kusini mwa mto Ohio, ardhi ambayo wengine ndio walioitumia. Machi 1775, mahali paitwapo Sycamore Shoals katika Tennessee ya leo, jaji mmoja wa North Carolina, Richard Henderson, akanunua kutoka kwa wazee wa Kicherokee eneo linalokadiriwa kuwa ekari milioni 20. Dragging Canoe, mtoto wa mmoja wa wazee hao, aliukataa mkataba ule na akapigana kuupinga hadi alipofariki mwaka 1792. Virginia baadaye iliufuta ununuzi wa Henderson. Ila ardhi haikurudishwa kwa Wacherokee, Virginia iliichukua yenyewe.

Siku zile zile za Machi 1775 Boone na watu wapatao 30 wenye mashoka walikata njia kupitia Cumberland Gap, lile pengo la mlima ambalo Dk. Thomas Walker alikwisha kulipita mwaka 1750. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1810 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamepita hapo. Angalia lakini: wengi wao walipita tu. Walikuwa wanafuata nchi tambarare yenye majani mazuri, huko unakoishi wewe Lexington. Milima ya akina Perry ilijaa watu baadaye, kuanzia miaka ya 1790, na wengi waliingia kwa vipito vya pembeni kutoka Virginia, wakifuata mito kwenda chini. Ukoo wa Combs ni mfano mzuri. Elijah Combs anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa Hazard, na hadi leo ukitupa jiwe katika kaunti ile huenda likamwangukia mtu wa ukoo huo.

Walikuwa watu gani? Wengi walikuwa Waprotestanti waliotoka Ulster, kaskazini ya Ireland, ambako mababu zao walikuwa wamehamishiwa kutoka Uskochi. Walikuwapo Wajerumani, na Waingereza. Walishukia Philadelphia au bandari za jirani, wakakuta ardhi ya pwani imekwisha kuwa ghali, wakafuata barabara ndefu ya mikokoteni iliyoshuka bonde la Shenandoah. Mtoto huzaliwa Pennsylvania, akaoa Virginia, akazikwa Kentucky. Ukikutana na kitabu kinachosema milima hii ilihifadhi Uskochi safi isiyochanganyika na kitu, kiweke chini. Nyumba ya magogo yaliyochongwa pembeni yakaumana ilitoka kwa Wajerumani na watu wa Skandinavia. Mahindi, maharage na maboga yaliyowalisha yalitoka kwa wenyeji. Na banjo, ile ala ambayo watu huichukulia kuwa ndiyo sauti yenyewe ya milima, ilivuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani.

Hapo ndipo nataka twende polepole, maana ndipo kazi yako ilipo.

Kaunti hazikushuka kutoka mbinguni zikiwa na mipaka yake. Zilizaana. Perry iliundwa mwishoni mwa 1820 kutoka Clay na Floyd. Clay ilikuwa imeundwa mwaka 1807 kutoka Madison, Floyd na Knox. Floyd ilianza mwaka 1800. Kisha Perry nayo ikakatwakatwa: sehemu ikaenda Breathitt mwaka 1839, nyingine Letcher mwaka 1842, nyingine Leslie mwaka 1878, nyingine Knott mwaka 1884. Kentucky iliendelea hivi mpaka ikafika kaunti 120, ya mwisho ikiwa McCreary mwaka 1912. Jina la Perry linamuenzi Oliver Hazard Perry, mwanamaji aliyewashinda Waingereza katika Ziwa Erie mwaka 1813, na ndiyo sababu mji unaitwa Hazard: kaunti ilichukua jina lake la mwisho, mji ukachukua la katikati.

Maana yake kwako ni nini? Maana yake ni kwamba familia inaweza kukaa kwenye kijito kimoja miaka 90 bila kuhama hata hatua moja, na karatasi zake ziwe katika kaunti nne. Wakati naanza kazi hii nilimaliza siku mbili nzima nikimtafuta mtu mmoja katika madaftari ya Perry ya mwanzo. Sikumpata, nikaandika kwenye kijitabu changu kwamba alikuwa bado hajafika. Kumbe alikuwapo siku zote. Nyumba yake ilikuwa upande wa Floyd. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachouliza ni jina la kijito, kabla sijauliza jina la mtu.

Watu wa milimani wenyewe ndivyo wanavyohesabu. Mzee wako akisema anatoka mahali fulani, sikiliza vizuri: atataja maji. Kijito huingia kwenye mkono wa mto, mkono huingia kwenye North Fork ya mto Kentucky, na kile kibonde chembamba kinachopanda na kijito, wanachokiita hola, kina jina la aliyejenga humo au la tukio lililotokea humo. Hata orodha za kodi za zamani za Kentucky zilipangwa hivyo. Fungua ukurasa wa miaka ya mwanzo ya 1800 utakuta jina la mlipa kodi, ekari zake, kisha safu nzima ya jina la maji yaliyopita katika ardhi hiyo. Mbele yake kuna idadi ya wanaume weupe waliozidi miaka 21. Kisha, ndugu yangu, kuna safu ya weusi waliozidi miaka 16, na jumla ya weusi wote, halafu farasi. Mpangilio ni huo huo, kutoka kushoto kwenda kulia. Watu wawili, farasi watatu, bila jina la hao wawili.

Hati za ardhi nazo zina lugha yake. Magharibi mwa Marekani ardhi ilipimwa kwa miraba, huku ilipimwa kwa macho, dira na mnyororo. Hati huenda namna hii: mpaka unaanza kwenye mwaloni mweupe ukingoni mwa kijito, unakwenda kaskazini digrii 40 mashariki poli 60 hadi miti miwili mirefu, unapinda kufuata kilima hadi kona ya jirani fulani, kisha unarudi mwanzo. Poli moja ni futi 16 na nusu, yaani karibu mita 5. Mwaloni ulikufa zamani, kijito kimehama, jirani kahamia Missouri. Lakini kwa mwanahistoria hati ya namna hiyo ni mali kubwa, kwa sababu inakutajia majirani wote pande nne. Ukizipanga hati kumi za kijito kimoja juu ya meza, kijiji kinainuka mbele yako: nani alipakana na nani, nani alimwoza nani binti yake, nani aliuza na kuondoka.

Kuipata hati yenyewe kulikuwa na ngazi nne. Kwanza kibali cha kudai ekari kadhaa, kisha kuandikisha mahali unapopataka, kisha kupimiwa, kisha hati miliki ya serikali. Mtu aliyekosa fedha ya karani au ya mpimaji alikwama njiani, na mwenye fedha aliyekaa mbali mjini aliweza kumpita. Madai yalilaliana kama vigae vya paa. Boone mwenyewe alipoteza ardhi yake Kentucky kwa kesi za namna hiyo, akahamia Missouri mwaka 1799. Kwa hiyo tarehe iliyoko kwenye hati miliki haikuambii mtu alifika lini. Inakuambia alifanikiwa lini. Watu wengi waliishi milimani miaka 20 au 30 bila hati, mpaka baada ya 1835 ambapo mahakama za kaunti ziliruhusiwa kuuza ardhi zilizobaki, ndipo wakaonekana ghafla kwenye vitabu kana kwamba wamefika jana.

Na vitabu vyenyewe vimepata misukosuko. Jengo la mahakama la Floyd liliungua mwaka 1808, na kumbukumbu za miaka minane ya kwanza zikaondoka nalo, miaka ile ile ambayo sehemu ya Perry ya leo ilikuwa ndani ya Floyd. Julai 2022 mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 mashariki ya Kentucky yaliingia katika hifadhi za Appalshop, kituo cha filamu na utamaduni wa milimani huko Whitesburg, na shule ya Hindman Settlement, yakaloanisha filamu, picha, kanda na barua za vizazi. Huenda ulikuwa umekwisha kuanza safari zako za Hazard wakati ule, na ukaona matope yenyewe. Watu waliokota karatasi moja moja na kuziweka kwenye majokofu zisiote ukungu. Nawaheshimu sana.

Sasa suala la watu weusi. Hapa mzee wako amekosea, ingawa naelewa kosa limetoka wapi. Watumwa katika Perry walikuwa wachache ukilinganisha na kaunti za Lexington. Lakini wachache si sifuri. Mwaka 1860 Kentucky yote ilikuwa na watumwa 225,483 katika watu 1,155,684, na hakukuwa na ukuta uliowazuia kupanda milima. Jirani na Perry, kaunti ya Clay, kulikuwa na visima vya chumvi kwenye Goose Creek. Chumvi wakati ule ilikuwa uhai, bila chumvi nguruwe uliyemchinja Novemba alikuwa ameoza kabla ya Krismasi. Kuchota maji ya chumvi, kukata kuni za tanuri, kuchemsha usiku na mchana, kujaza mapipa, hizo zilikuwa kazi za watumwa. Huko Virginia Magharibi, kwenye mto Kanawha, ilikuwa vivyo hivyo kwa ukubwa zaidi. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856, alipelekwa huko Malden baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe akiwa mtoto, akafanya kazi ya chumvi na kisha ya makaa ya mawe. Carter G. Woodson, baba wa historia ya Wamarekani weusi, alichimba makaa huko huko Virginia Magharibi, kisha akasoma chuo cha Berea, chini kidogo ya milima ya Kentucky, akamaliza mwaka 1903. Mwaka uliofuata Kentucky ikapitisha sheria iliyokataza weusi na weupe kusoma pamoja, na Berea, iliyokuwa imewachanganya tangu baada ya vita, ikalazimishwa kuwatoa.

Ukitaka kuona kwa macho jinsi jina la mtu linavyofutwa, tafuta orodha za watumwa za sensa ya 1850 na ya 1860. Zimepigwa picha, utazipata kwenye intaneti. Upande wa kushoto kuna jina la mwenye mali. Chini yake kuna mistari: 1, miaka 34, mwanamke, mweusi. 1, miaka 11, mwanamume, chotara. 1, miaka 2. Hivyo tu, mpaka chini ya ukurasa. Mara ya kwanza kuzisoma nilijikuta natafuta mama yupi ni wa mtoto yupi, kwa kulinganisha umri, nikajua sitaweza kujua. Majina yao yanaonekana kwenye sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Watafiti wa koo za watu weusi huita mwaka huo ukuta, na wengi hugota hapo.

Ila ukuta una nyufa. Wosia na orodha za mirathi huwataja watumwa kwa jina, kwa sababu walihesabiwa pamoja na majembe na ng'ombe, kila mmoja na bei yake. Inaumiza kusoma, lakini jina lipo. Kuanzia 1852 Kentucky ilijaribu kwa miaka michache kuandikisha vizazi na vifo, na humo watoto wa watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao. Ufa mkubwa kuliko yote uko karibu na nyumbani kwako: Camp Nelson, kaunti ya Jessamine, kusini ya Lexington. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe wanaume weusi zaidi ya 10,000 walijiandikisha jeshini hapo, na kujiandikisha kulikuwa ndio uhuru wao. Karatasi ya kila askari inataja alikozaliwa na mara nyingi aliyemmiliki. Miongoni mwao wapo waliotoka kaunti za milimani. Wake na watoto wao walifuata, na Novemba 1864 jeshi likawafukuza kambini watu wapatao 400 katika baridi kali. 102 kati yao walikufa. Wewe uliyekulia kambini hukuhitaji kuelezwa na mimi maana ya hilo. Kelele zilizozuka zilisaidia kupitishwa kwa sheria ya Machi 1865 iliyowapa uhuru familia za askari. Leo Camp Nelson ni mahali pa kumbukumbu ya taifa. Nenda.

Halafu wako ambao karatasi zilibishana juu yao. Kwenye mlima wa Newman's Ridge, kaunti ya Hancock, Tennessee, kuna jamii inayoitwa Wamelungeon. Sensa za zamani ziliwaandika mara watu huru wa rangi, mara weupe. Wao wenyewe walisema asili yao ni Wareno, na mtu mwenye akili anaona kwa nini: katiba ya Tennessee ya 1834 iliwanyima weusi huru kura waliyokuwa nayo tangu 1796, na baadhi ya watu wa jamii hii walishtakiwa mahakamani miaka ya 1840 kwa kupiga kura. Kuitwa Mreno kulikuwa kinga ya shamba na ya watoto. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba koo za asili za jamii hiyo zilitokana zaidi na wanaume wa Afrika kusini mwa Sahara na wanawake wa Ulaya. Kwa hiyo kuna watu walioshika shoka na kufungua mabonde ya Tennessee mapema kama jirani zao, wenye damu ya Afrika, na vitukuu vyao wakakua bila kuambiwa.

Pale mzee wako anaposema watu weusi walikuja na migodi, nusu yake ni kweli. Reli ilifika Hazard mwaka 1912, na baada ya hapo makampuni yalileta wachimbaji kutoka kusini, kutoka Italia, kutoka Hungary. Kule Lynch, kaunti ya Harlan, mji uliojengwa na kampuni kuanzia 1917, watu weusi waliletwa kwa wingi kutoka Alabama. Idadi yao ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilifunika kumbukumbu ya wale wachache waliotangulia. Ndivyo kosa la mzee lilivyozaliwa, na sioni ubaya wa moyo ndani yake.

Kabla ya reli walitangulia wanunuzi. Kuanzia miaka ya 1880 watu kama John C. C. Mayo walipita nyumba kwa nyumba wakinunua madini yaliyo chini ya shamba, mara nyingi kwa senti 50 au dola chache kwa ekari. Mkulima alibaki na udongo wa juu, au alidhani amebaki nao. Hati zile zilimpa mnunuzi haki ya kufanya lolote lililohitajika kuyatoa makaa, na mashine kubwa zilipokuja, mahakama za Kentucky zilizitafsiri kwamba kampuni inaweza kubomoa kilima chote, bustani na hata makaburi yakiwa juu yake. Ilichukua hadi 1988 wananchi kubadili katiba ya jimbo, kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Nakutajia hili kwa sababu mbili. Moja, linaeleza kwa nini mzee wa Hazard akiona mgeni na karatasi mkononi hukaa kimya kwanza. Mbili, hati zile zina faida: ili kampuni iwe na uhakika wa ununuzi, warithi wote walitakiwa kuweka sahihi, kaka, dada, na waume wa dada, wengi kwa alama ya X. Ukoo mzima kwenye ukurasa mmoja.

Sasa twende juu kilimani. Makaburi ya ukoo milimani huwa juu kwa sababu ardhi tambarare ya chini ilikuwa ya mahindi, na kwa sababu maji hayafiki. Wafu hulazwa miguu ikielekea mashariki. Jiwe la kijitoni lisilochongwa, lililosimamishwa kichwani na jingine dogo miguuni, ni kaburi kamili. Halina jina kwa sababu hapakuwa na mchongaji wala fedha ya kumleta, si lazima kwa sababu ya dharau. Ndani ya uzio nako utakuta mawe ya namna hiyo. Hivyo usiharakishe kusema yale ya nje ni ya watumwa. Huenda ni watoto wachanga, huenda ni wapita njia, huenda uzio ulijengwa baadaye na fundi asiyeyaona. Lakini huenda pia ni wao, maana kuzikwa pembeni, nje ya mstari wa ukoo, ndiko kulikowapata wengi. Tazama mpangilio. Yako kwenye safu? Yanaelekea mashariki? Kuna mibonyeo ardhini isiyo na jiwe? Kuna majani yatambaayo yenye maua ya buluu, yanayobaki mabichi wakati wa baridi? Hayo yalipandwa kwa mikono ya watu makaburini, na hubaki baada ya kila kitu kingine kupotea.

Piga picha asubuhi au jioni jua likiwa chini, ndipo michoro hafifu huonekana. Usisugue jiwe kwa chaki wala kwa brashi ya waya, na usinyanyue lililoanguka. Omba ruhusa kwa mzee kila unapopanda, hata akikuambia huna haja.

Kisha rudi ukae naye. Usimuulize nani alikuwa wa kwanza. Muulize: kijito hiki kinaitwaje, na kile kinachoingia ndani yake? Nani alikuwa akija kufyeka makaburi siku ya kuyapamba, zamani, wakati wewe mtoto? Kulikuwa na mtu au familia iliyokuja ikapamba upande ule wa nje? Bibi yako aliwaitaje watu wa bonde la juu? Biblia ya ukoo iko kwa nani? Watoto husikia mengi ambayo wakubwa hawakukusudia, na mzee wa miaka 80 na zaidi bado anaweza kuwa nayo, hajapata tu mtu wa kumuuliza kwa mlango huo. Mwombe umrekodi kwa simu. Umri wake, ukijumlisha na wa bibi aliyemlea, unaweza kukufikisha karibu na ule ukuta wa 1870.

Ukishapata jina la kijito na majina mawili matatu ya wazee wake, nenda ofisi ya karani wa kaunti pale Hazard uombe madaftari ya hati na ya wosia. Yako wazi kwa kila mtu, na wewe ni kila mtu. Kwa ya kabla ya 1821 anza na Clay, ndipo Floyd. Ukitaka kupumzisha miguu, ofisi ya ardhi ya jimbo huko Frankfort imeweka picha za hati miliki kwenye intaneti, na idara ya maktaba na nyaraka ya jimbo, huko huko Frankfort, ina orodha za kodi na filamu za madaftari ya kaunti zote. Soma orodha ya kodi mwaka baada ya mwaka kwa kijito kimoja. Ile safu ya weusi waliozidi miaka 16 ikiwa na namba mbele ya jina la babu wa mzee wako, hata namba moja, utakuwa na jambo la kumuuliza kwa upole, na mwaka wa kuanzia kutafuta wosia.

Niandikie jina la kijito. Nitakuambia kilikuwa upande gani wa mpaka, mwaka kwa mwaka.